Fundi na Dada Yake wa Gatuanyaga

Miaka ile nilipohamia Landless, mtaa wa Thika, ukipeleka kitambaa kwa Fundi ulikuwa unapimwa na kuhubiriwa kwa wakati mmoja. Alikuzungushia futi kiunoni, akaishika kwa vidole viwili, na badala ya kuandika kipimo kwenye daftari lake akakuuliza, "Na wewe, Yesu unamjua ama unamsikia tu?" Ungeenda wapi? Umeshikwa kiunoni, mikono umeinua juu, na pini tatu ziko mdomoni mwake. Watu wengi walimjibu kwamba wanamjua. Mimi mwenyewe nilimjibu hivyo, nikiwa nimemshikilia binti yangu Neema atulie apimwe sketi ya darasa la kwanza. Nilisema namjua kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Aliyemkomesha ni nesi mmoja, msichana mpole aliyepanga chumba kwenye ploti ya pili kutoka kwetu. Alikuja kushonewa gauni la kazi. Fundi alipofika kwenye lile swali lake, yule msichana akateremsha mikono polepole.

"Fundi," akamwambia, "mbona lazima unifunge ndio uniambie? Nikiwa huru si ningekusikiliza pia?"

Tulikuwa wanawake watatu pale kwenye benchi, na sote tulisikia. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akaandika vipimo. Kesho yake asubuhi alifunga duka akaenda hadi kwa yule nesi kumwomba msamaha. Alirudi akatuambia, bila sisi kumuuliza, kwamba ameambiwa ukweli na mtoto wa kumzaa. Kuanzia siku hiyo, akiwa ameshika futi alizungumza habari za kitambaa peke yake. Ukitaka mengine ulimngoja aketi.

Hatukumjua kwa jina. Najua alikuwa nalo, lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini kwetu alikuwa Fundi, na mume wake aliyekuwa amekufa zamani tulimwita Baba Fundi ingawa alikuwa dereva. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na miwani yake ilikuwa na mkono mmoja; mahali pa ule mwingine aliweka uzi mweusi aliouzungusha sikioni. Aliogopa mbwa kuliko wezi. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na hakuwahi kuupata wimbo hata mmoja, na kina mama wa kwaya walikuwa wakimwachia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika.

Tena alikuwa mgomvi. Maji yalikuja mara mbili kwa wiki, na yeye alitaka ndoo zake zitangulie. Na uongo wake wa nguo ulijulikana mpaka Makongeni. "Kesho jioni unapata," alikuwa akisema, huku kitambaa chako hakijakatwa. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu wa Mungu anasema kesho na anajua si kesho.

Akacheka hadi miwani ikaanguka. "Mama Neema, hiyo ndiyo dhambi yangu ya kazi. Nikimwambia mtu Ijumaa anakunja uso. Siwezi uso uliokunjwa." Halafu akaacha kucheka. "Niombee kwa hiyo. Sitanii."

Nilianza kumjua vizuri mwaka ambao mama yangu alikufa. Kwetu ni magharibi. Nilisafiri nikamzika, nikarudi Thika baada ya siku sita kwa sababu kiwandani nilikofanya kazi hawakuwa wamenipa zaidi. Watu wa ushirika wa kanisa walikuja chumbani kwangu, wakaimba, wakaniambia maneno mengi, na yote yalikuwa mazuri, na nikawa nawaangalia midomo tu. Fundi alikuja siku ya tatu, peke yake. Hakuketi. Alichukua beseni la nguo chafu lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka nalo kwenye bomba, akafua nguo zangu na za Neema, hata zile ambazo mtu hampi jirani afue. Alipomaliza kuanika alisimama mlangoni akijipangusa mikono.

"Nina kitu ningependa kukwambia," akasema. "Lakini si leo. Ukiwa tayari utaniuliza."

Nilikuja kuuliza baada ya wiki mbili hivi, Jumapili mchana, nikimsaidia kushona vifungo vya mashati ya shule. Nilimwambia, "Kile kitu, niambie."

Hakukimbilia. Alimaliza kifungo alichokuwa nacho, akakata uzi kwa meno. Akaniambia kwamba Baba Fundi alipokufa, yeye alikuwa mtu wa kanisa miaka mingi, wa kuvaa kilemba cheupe na kubeba sadaka, lakini mikono ilianza kumtetemeka. Akishika mkasi unayumba. Aliharibu kitambaa cha bibi harusi, akaharibu na cha pili, watu wakaanza kwenda kwa fundi mwingine. Asubuhi moja alikaa sakafuni dukani, mlango umefungwa, akasema kwa sauti: Yesu, nimekuimbia tangu nikiwa mdogo na sijui kama uko. Kama uko, shika mkono.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikakata sketi moja."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia. Kesho yake nikakata mbili. Tangu siku hiyo nikikata nguo najua siko peke yangu. Ni hayo tu, Mama Neema. Kama ulitaka makubwa, enda kwa wale wahubiri wa spika."

Nilikuwa nimeanza kulia bila kujua. Akaniuliza, kwa sauti ileile ya kuuliza kama unataka mfuko mmoja au miwili, "Unataka tuombe, ama unataka chai?"

Nikasema chai. Akapika chai, yenye tangawizi nyingi, tukainywa tukaongea habari za bei ya vitambaa. Hakuonyesha kuvunjika moyo hata kidogo. Ni mimi niliyerudi, Jumamosi iliyofuata, nikamkuta anaanua nguo, nikamuuliza ile ya kuomba kama bado iko. Akaweka nguo begani akanishika mkono palepale kwenye kamba. Maombi yake yalikuwa mafupi mpaka yalikushtua. "Bwana, huyu ni Mama Neema. Unamjua kuliko mimi. Amechoka. Amina." Watu huniuliza niliokoka lini, nami huwaambia ilikuwa kati ya chai na hiyo kamba ya nguo. Siwezi kusema karibu zaidi ya hapo.

Si wote waliomkubali. Keyateka, msimamizi wa ploti yetu, mzee mwenye maneno, alimwambia mapema kabisa, "Fundi, mimi na Mungu tuliachana vizuri, usituchonganishe." Fundi alicheka. Kila Jumapili aliendelea kumpelekea githeri ya mahindi na maharagwe kwenye bakuli lenye kifuniko, na mzee alirudisha bakuli limeoshwa na maneno mapya. Waliendelea hivyo miaka. Nijuavyo, yule mzee hajawahi kukanyaga kanisani. Nilimuuliza Fundi kama inamuuma.

"Inaniuma," akasema. "Lakini githeri ilikuwa ya njaa yake."

Kwa hiyo nilimwona kama mtu asiyeogopa kumwambia yeyote. Alimwambia muuza makaa, alimwambia askari wa kanjo aliyekuja kumsumbua kwa leseni, alimwambia mwalimu mkuu. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuthubutu kumtajia Mungu, na mtu huyo alikuwa dada yake.

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi na aliishi Gatuanyaga, kule kukavu, na mbuzi wachache na shamba la mbaazi. Kila mwisho wa mwezi Fundi alifunga duka akaenda huko na unga, sabuni na majani ya chai. Nilidhani ni kumtembelea ndugu kama watu wote. Siku moja nikamwambia kwa utani kwamba dada yake lazima ameshaokoka mara kumi kwa kuhubiriwa kila mwezi. Alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi chini.

"Sijamwambia kitu miaka saba," akasema.

Ndipo akanieleza. Dada yake alikuwa na mtoto mmoja, msichana, Wambui, wa darasa la sita. Aliugua homa siku nne akafa. Kwenye mazishi Fundi aliombwa aseme neno kwa niaba ya familia, na yeye, mbele ya watu wote, kaburi likiwa wazi, alisema tusilie sana, Mungu alitaka ua kwa bustani yake akachuma lililo zuri kuliko yote. Watu wakaitikia amina. Dada yake aliinua kichwa akamwangalia.

"Aliniuliza swali moja tu," Fundi akasema. "Aliuliza, 'Kwani Mungu hana shamba lake?' Mpaka leo sijapata jibu."

Dada hakurudi kanisani tena. Fundi alipoenda kumwona mara ya kwanza baada ya matanga, alimkuta mlangoni. Dada akamwambia, njoo na unga, njoo na habari za watu, lakini huyo Mungu wako muache pale barabarani, utamchukua ukitoka. Na Fundi alitii. Miaka saba alipeleka unga, akanywesha mbuzi, akafua blanketi, akarudi.

Nilimuuliza mbona anaweza kumwambia askari wa kanjo na hawezi kumwambia ndugu yake wa tumbo moja.

"Mtu wa nje ukimwambia vibaya anaenda zake. Ndugu ukimwambia vibaya unamkuta tena kila Krismasi, na lile neno limekaa hapo katikati yenu kwa meza." Alichukua pasi tena lakini ilikuwa imepoa. "Kila mara nikifika kwake nafungua mdomo, naona lile ua."

Mwezi uliofuata alinigongea mlango asubuhi na mapema akaniomba nimsindikize. Hakusema kwa nini. Tulikodi nduthi mbili, pikipiki za abiria, kutoka barabara kuu kwa sababu ya mizigo, na tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Dada yake alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anabambua mbaazi kwenye uteo. Alikuwa mrefu na mwembamba, hakufanana na Fundi hata kidogo, isipokuwa walipocheka. Akatupokea vizuri. Aliniuliza habari za kwetu na kama mvua imefika.

Tukaketi, tukaanza kubambua naye. Mbaazi zilijaa bakuli moja, zikaanza la pili. Nilikuwa nafikiria kwenda kuangalia mbuzi ili niwape nafasi, ndipo nikamsikia.

"Mwari wa maitu," akasema. Ndivyo alivyomwita dada yake kwa Kikuyu, yaani binti wa mama yangu. "Lile neno la ua. Halikutoka kwa Mungu. Lilitoka kwa woga. Watu walikuwa wananiangalia nikaogopa kunyamaza. Nilisema ili mimi nipone, si wewe. Nimekosa."

Dada aliendelea kubambua. Sijui kama kuna kitu nimewahi kusikia wazi kama zile mbaazi zikianguka kwenye bakuli. Fundi alikuwa amekunja mikono kwenye mapaja. Baada ya muda dada akainuka, akaingia ndani, akakaa sana. Nikajua tumefukuzwa.

Alipotoka alikuwa na sufuria ya maji ya chai. Akaiweka jikoni, pale kwenye mafiga matatu, akachochea moto, akageuka.

"Wambui alikuwa anazifungua kwa meno," akasema. "Mbaazi. Nilimkataza mpaka nikachoka."

"Na alikuwa anameza mbichi," Fundi akasema.

"Tumbo likimuuma anasema ni hesabu za mwalimu."

Fundi aliniambia baadaye kwamba tangu mazishi jina hilo halikuwa limetajwa katika boma lile. Siku hiyo lilitajwa mpaka jua likaenda upande wa pili wa nyumba. Jinsi alivyokuwa anakimbia na mbuzi, jinsi alivyokata nywele zake mwenyewe kwa mkasi wa Fundi. Walicheka, wakalia, wakacheka. Fundi hakumtaja Mungu hata mara moja. Tulipoondoka dada alitusindikiza hadi njiani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Tukingoja nduthi nilimlaumu. "Mbona hukumalizia? Alikuwa amelainika kabisa. Ungesema neno moja tu."

Aliniangalia kana kwamba nimemwomba aibe. "Nilikuja kuomba msamaha, Mama Neema. Ningeongeza mahubiri hapo, msamaha ungekuwa chambo."

Miaka ikaenda. Miguu ya Fundi ilianza kuvimba, hakuweza kukanyaga cherehani, na binti yake aliyejenga nyumba kule Kimbo akaja kumchukua. Duka likawa la kuchaji simu. Tuliahidiana kutembeleana na tukafanya kama watu wafanyavyo, tukapigiana simu za Krismasi.

Nilimtembelea mwaka huu kwa sababu ya shida. Neema yuko chuo, Eldoret. Mwaka jana aliniambia kwa simu, kwa adabu, kwamba ameacha kwenda kanisani na hajui kama anaamini. Nilimtumia mistari ya Biblia kila asubuhi. Nilimpigia nikamwambia nimemlea kwa magoti. Halafu Krismasi alipokuja nyumbani, niliwaita kina mama wa ushirika waje wamwombee, na sikumwambia. Walijaa sebuleni, kumi na wawili, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Neema aliketi katikati ameinamisha kichwa. Hakupinga. Kesho yake alichukua gari la kwanza la asubuhi, na tangu siku hiyo nikimpigia simu inaita mpaka inakatika, kisha unakuja ujumbe: niko darasani, Mum.

Nilimkuta Fundi kwenye kiti cha plastiki kwenye veranda, miguu juu ya stuli. Na kando yake, anachambua mchele, dada yake wa Gatuanyaga. Mbuzi waliuzwa, waliniambia, na sasa wanaishi chumba kimoja wakigombana nani anakoroma.

Nilimweleza Fundi mambo yote. Nikamwomba anipe maneno ya kumwambia Neema, yeye aliyewahi kuwaambia watu wengi hivyo. Akafungua mdomo. Dada yake akamwekea mkono gotini.

"Huyu anajua kusema," dada akaniambia. "Kusikia, niulize mimi."

Fundi akaegemea kiti chake.

Dada akaniambia kwamba miezi minane baada ya siku ile ya mbaazi alimtuma mtu wa nduthi amwite mdogo wake. "Alidhani nimekufa. Alishuka analia, na leso nyeusi kichwani. Nikamwambia, keti. Niambie ile habari ya Yesu ambayo umekuwa ukiiacha barabarani. Na usiharakishe. Akaanza. Akafika mahali Yesu analia kwa kaburi la rafiki yake, akashindwa kuendelea. Analia tu. Ikabidi nimalizie mwenyewe."

"Ulikuwa unaijua?" nikauliza.

"Sasa, nani alimfundisha? Si mimi nilimpeleka Sunday school nimembeba mgongoni?" Akaendelea kuchambua mchele. "Maneno sikuyakosa, mama. Nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nangoja mtu aniambie alikosea siku ile. Aliposema, nikawaza, kama huyu, na kichwa kigumu hivi, ameweza kuomba msamaha, basi kuna Mungu amemfikia."

Fundi alivua ile miwani akaipangusa kwa kanga, kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Tulikula, tukaongea mengine. Jioni ilipokaribia Fundi alikataa nitoke peke yangu. Alishika fimbo akanisindikiza mpaka geti, hatua ndogo ndogo, akisimama kupumua. Alinishika mkono nikajua anaomba, lakini safari hii hakutoa sauti. Halafu akasema, "Usimwambie ni mimi nimekutuma. Ikitoka, itoke kwako."

Pale steji ya Kimbo nilisimama kando ya kibanda cha mahindi ya kuchoma nikampigia Neema. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ilipokaribia kukatika mara ya pili akashika.

"Mum, kuna shida?"

"Hakuna. Sikupigii kwa ajili ya kanisa," nikasema. "Neema, wale kina mama siku ile ya Krismasi. Sikuwaita kwa ajili yako. Niliwaita kwa sababu ya aibu yangu. Nilikuweka katikati ya watu bila kukuuliza. Nimekosa."

Makanga walikuwa wanaita Thika, Thika, na nilibana simu sikioni nisikose kitu. Nilimsikia akivuta pua.

"Uko wapi?" akauliza mwishowe. "Kuna kelele."

"Niko Kimbo, narudi nyumbani."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sawa. Ukifika nyumbani nipigie tena," akasema. "Nitashika."